Usukani mgumu: ni mzito au unakwama?

Mtu akisema stelingi ya pikapu yake imekuwa ngumu, muulize kwanza: ni nzito, au inakwama? Haya mawili huitwa jina moja, na kwa sababu hiyo pampu ya stelingi iliyo nzima hung'olewa bure.

Usukani mzito hutaka nguvu, hasa gari likiwa limesimama. Hilux ya zamani isiyo na pawa stelingi, yaani pampu ya mafuta inayosaidia kuzungusha usukani, ilitoka kiwandani hivyo. Ikianza kutembea hulainika, na hiyo si hitilafu. Usukani unaokwama ni ule ambao ukishakata kona haurudi wenyewe, au una sehemu laini na sehemu ngumu katika mzunguko mmoja. Huo una ugonjwa, na ni wa hatari.

Pima upepo wa tairi za mbele kabla ya kushika spana. Kisha zima injini, inua mbele kwa jeki, weka stendi imara, uzungushe usukani mwisho hadi mwisho. Ukiwa laini hewani lakini mgumu chini, kagua tairi, alaimenti (mkao wa magurudumu), au pampu kama gari lina pawa. Ukibaki mgumu hewani, kuna kitu kimeshika. Fungua fimbo inayotoka kwenye stelingi boksi (boksi la meno chini ya shafti ya usukani) kwenda magurudumuni, halafu jaribu upande wa magurudumu na upande wa usukani, kila mmoja peke yake.

Magurudumu ndiyo magumu? Kwa Hilux za 4x4 za miaka ya 1988 hadi 1997, zile zenye ekseli nzima mbele, mimi huanzia kwenye beringi mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu hugeukia. Sili ikichakaa, maji ya mtoni na matope huingia, grisi inakuwa uji, beringi inachimbika. Grisi mpya italeta nafuu ya siku chache tu. Badilisha beringi pamoja na sili.

Kama ugumu umebaki kwenye usukani, angalia kiungo cha shafti yake kama kina kutu, kisha boksi. Juu ya boksi kuna skrubu yenye nati, na hii imeharibu boksi nyingi zilizokuwa nzima: usukani ukicheza, watu huikaza, kumbe kilichoisha ni tairodi, viungo vya fimbo zinazogeuza magurudumu. Ikikazwa kupita kiasi, usukani hushika pale katikati na meno ya ndani hulika.

Kwenye pawa, usukani ukiwa mgumu gari likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na ukalainika ukikanyaga mafuta, mkanda umelegea au pampu imechoka. Ukilia unapokata kona, mafuta ya pawa stelingi yamepungua au yana hewa. Hilux hizo hutumia ATF, mafuta ya giaboksi ya otomatiki, ya Dexron II au III. Usijaze mafuta ya breki hata kidogo, yanakula sili.

Ukirudisha viungo, weka kotapini (pini za kuzuia nati isifunguke) mpya kabla ya kushusha jeki.