Siéntese na Siéntase: Dhana Potofu Kuhusu Amri za Heshima za Kihispania

Mswahili anayejifunza Kihispania huanza kwa kudhani kwamba «se» iliyo katika amri za «usted», yaani wewe wa heshima, ni «ji-» yetu iliyobadilishwa sauti tu. Ukweli ni kwamba «ji-» haihami: tunasema «jifunike» na «usijifunike», nayo imetulia pale pale kabla ya mzizi. «Se» huhama. Katika amri ya kutenda hugandamana na mwisho wa kitenzi, «levántese» (inuka), lakini katazo likija huruka mbele na kuandikwa peke yake, «no se levante», kwa hiyo «no levántese» ni kosa. Isitoshe, vitenzi vingi vyenye «se» havina «ji-» kwetu: «quédese» ni baki, na «váyase» inakaribiana zaidi na «nenda zako».

Wengine huichukulia alama ya mkazo, kile kistari juu ya irabu kama katika «é», kuwa pambo. «Siente», yaani «siéntese» (keti) bila «se», ina silabi mbili na haihitaji alama; ukiiongezea «se», mkazo unabaki ulipokuwa, ambapo sasa ni silabi ya tatu kutoka mwisho, na kanuni ya Kihispania hudai alama hapo bila msamaha. Kwa wingi ni «siéntense». Umbo «siéntesen» husikika kwa baadhi ya wenyeji, ila halikubaliki katika maandishi sanifu.

Dhana inayoponza zaidi ni kwamba irabu ya mwisho haina uzito. «Siéntese» hutokana na «sentarse», kuketi; «siéntase» hutokana na «sentirse», kujisikia. Mwenyeji akikuambia «siéntase como en su casa», hajakuonyesha kiti, amekuambia ujisikie uko kwako. Vitenzi ambavyo umbo lake la msingi lina -ar huishia na «e» katika amri hizi, vya -er na -ir huishia na «a», kama «póngase» na «vístase». Kwa bahati njema, «e» hiyo ya kwanza inatukumbusha «ukae» na «usimame» zetu.

Kuna pia wanaoamini kwamba «usted» yenyewe inatosha kuwa adabu. Haitoshi: «cállese» ni umbo la heshima kisarufi, na bado ni «nyamaza» kavu kabisa, tena huenda ikauma zaidi kwa sababu ya umbali ulio ndani yake. Kinyume chake, huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ndugu na marafiki wa karibu huambiana «usted» kila siku, pasipo urasmi wowote.