Dripu ya haraka na dripu ya polepole

Mtoto anaingizwa wodini usiku, mwili unawaka homa, mikono na miguu baridi, anapumua kwa shida. Bibi yake anauliza, "Daktari, mbona hamumtii maji kwa haraka?" Zamani vitabu vyetu vingemjibu kwa kufungua dripu kasi. Jibu langu leo limetoka kwa jirani zetu, watafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya.

Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa hukohuko Kilifi, ulichapishwa mwaka 2011. Ulihusisha watoto zaidi ya 3,100 wa Kenya, Uganda na Tanzania, waliokuwa na homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Baadhi walitiwa maji mengi kwa mkupuo, wengine walipewa dripu ya kawaida ya polepole. Katika saa 48, waliotiwa mkupuo walifariki kiasi cha asilimia 10.5, wa polepole, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Wengi walidhani mapafu yalijaa maji, lakini uchambuzi wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa vifo vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kushindwa.

Kusoma hayo ni kazi ya jioni moja. Kazi ngumu iko mkononi mwa muuguzi wa zamu ya usiku, aliyefundishwa miaka mingi kwamba maji huokoa. Naye hakukosea kabisa, kwa kuwa maji huokoa kweli mtoto anayeharisha! Watoto wa kuhara hawakuwamo katika FEAST. Hapo ndipo nimeona hatari kubwa zaidi: mtu kusikia nusu ya habari, kisha akambania maji mtoto aliyekaukiwa.

Kwa hiyo mimi hufundisha kwa chupa na mizani. Mtoto wa kilo 10, aliyepita mwaka mmoja, macho yamezama, ngozi ukiifinya inarudi polepole sana, hawezi kunywa: mililita 300 katika nusu saa ya kwanza, kisha 700 kwa saa mbili na nusu. Mtoto wa kilo hizohizo mwenye homa kali na mikono baridi, asiyeharisha: karibu mililita 40 kwa saa. Huyu wa pili anahitaji zaidi oksijeni, kupimwa sukari na malaria, dawa ya sindano, na damu ikiwa amepungukiwa sana. Naandika kiwango kwenye plasta juu ya chupa yenyewe, kwa sababu mwongozo uliofungiwa kabatini haumsaidii mtu saa nane za usiku.

Bibi pia anastahili maelezo, tena kabla hajauliza. Namwambia, "Bibi, maji anapata, ila yakienda mbio yatamlemea moyo. Damu imeshaagizwa." Jamaa wakielewa hivyo, hawamsukumi muuguzi aifungue dripu. Madaktari wapya wanapoletwa kwa mafunzo, tunaanza tena na chupa mbili mezani, kila moja na plasta yake.