Breka Inalinda Waya, Mtu Analindwa na Nani?

Ikifika Juni maji ya bomba Arusha yanauma mpaka mifupa, na hapo ndipo simu yangu ya ufundi haitulii. Huyu hita ya kuchemshia maji imeunguza soketi, yule akishika koki ya shawa anapigwa. Baridi moja niliitwa mtaa wa Sakina, kwenye nyumba ya wapangaji wanaotumia bafu la pamoja. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa swali ninalokutana nalo Njiro, Ngaramtoni na hata nikishuka Moshi: “Fundi, breka zote nimeweka mpya. Watu wanapigwaje shoti?”

“Mama, hizi zinalinda nyaya,” nikamwambia. “Watu bado hujawawekea kitu.”

“Nina saketi breka, umeme hauwezi kuniua”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu anayeiamini ametumia hela yake na anajiona yuko salama.

Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230. Unaingia kwa waya wa moto, unafanya kazi kwenye kifaa, unarudi kwa nyutro. Breka ya kawaida inaangalia ampea tu, yaani wingi wa umeme unaopita. Iliyoandikwa 32 inakata ampea zikizidi kiasi hicho kwa muda, au waya wa moto ukigusana na nyutro zikapanda ghafla. Sasa chukua mtu aliyelowa bafuni. Ukinzani wa mwili wake, yaani unavyozuia umeme kupita, unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 230 kwa 1,000, unapata ampea 0.23. Breka ya 32 inaona kama umewasha balbu ya kizamani ya wati 50, kwa hiyo inatulia. Lakini ampea 0.1 ikipita kifuani inatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Mtu anakufa na breka iko juu, haijashtuka.

Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine, RCD. Hiki kinalinganisha umeme ulioenda kwa waya wa moto na uliorudi kwa nyutro. Uliorudi ukipungua kwa miliampea 30 (ampea 0.03), maana yake kuna unaopotelea njiani, labda kwenye mwili wa mtu, na kinakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi michache. Kisiporuka, kimekufa, kibadilishwe. Nacho kina mpaka wake: ukishika waya wa moto kwa mkono huu na nyutro kwa mkono ule huku umesimama pakavu, kinaweza kukuona kama pasi tu, maana umeme wote unarudi.

“Ethi ni ya kupendezesha, vitu vinawaka bila hiyo”

Ni kweli vinawaka. Ethi, yaani waya unaokwenda ardhini, haiwashi kitu. Kazi yake inaanza siku waya wa moto unapochubuka ndani ya friji au shawa ya umeme ukagusa bati. Umeme unapata njia ya kushuka ardhini badala ya kusubiri mkono wako.

Hapa mafundi wenzangu nao huwa tunakosea. Tunagongelea fimbo ya ethi ardhini nje ya ukuta, tunamaliza kazi bila kupima. Tuseme fimbo ile ina ukinzani wa omu 20, jambo la kawaida kabisa, na kiangazi udongo ukikauka unapanda zaidi. Hitilafu ikitokea, 230 kwa 20 ni ampea 11.5. Breka ya 32 hairuki! Bati la shawa linabaki na umeme, na ethi ipo. Ndiyo maana kwenye nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe, ethi na RCD vinakwenda pamoja. Pale Sakina waya wa ethi ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma ya shawa, na RCD haikuwepo. Nilizima mein swichi, na siku ile wapangaji wakaoga maji ya mkaa.

Jambo linalofanana na hilo ni kuchomeka kijiti au kifuniko cha kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu lile ni la ethi, na pini yake ni ndefu makusudi: inatangulia kufungua vizuizi vinavyofunika matundu ya umeme. Ukivifungua kwa kijiti, unafungua na njia ya kidole cha mtoto. Chaja ya simu haihitaji ethi, itafutie adapta. Pasi, friji, jagi la kuchemshia maji na hita vinaihitaji.

“Breka inaruka ruka, fundi niwekee kubwa zaidi”

Nakataa kazi hii hata mteja akikasirika. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24. Inataka laini yake peke yake kutoka mein swichi, kwa kawaida waya wa milimita za mraba 6. Ukiifunga kwenye waya mwembamba wa soketi halafu ukapandisha breka, waya utapata moto ndani ya ukuta na hakuna cha kuuzuia. Soketi yenyewe ni ya ampea 13, na ekstensheni ndefu haiongezi hata moja. Jagi la wati 2,000 linachukua karibu 9; ongeza hita ya ndoo ya wati 1,500, umeshapita.

Hita hiyo ya ndoo, kwanza chomoa plagi, ndipo uonje maji kwa mkono. Kuzima swichi hakutoshi. Nimekuta nyumba za zamani ambazo swichi imekata nyutro badala ya waya wa moto: kifaa kimezimika, umeme bado upo.

“Luku imeisha, shika tu”

Waya kutoka nguzoni hadi kwenye mita ya Luku, ile ya kulipia kabla, una umeme saa zote, na wewe ukiwa juu ya ngazi mpangaji mwenzako anaweza kuingiza tokeni. Zima mein swichi, kisha pima kwa testa. Testa yenyewe ianze kujaribiwa kwenye soketi unayojua ina umeme, maana testa mbovu nayo haiwaki. Na ndala? Ndala kavu zinapunguza kidogo, zilizolowa bafuni usizitegemee, na hazina msaada wowote umeme ukiingia mkono huu na kutokea ule ulioshika bomba.

“Aliyepigwa umeme usimguse, bado anao mwilini”

Akiwa bado ameshikamana na waya, kweli usimguse. Kimbilia mein swichi. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Akishaachana na waya, mwilini hakuna umeme uliobaki wa kutoa. Wapo wanaomfukia mchangani au kumnywesha maziwa, na dakika zinazopotea hapo ndizo alizokuwa nazo. Kama hapumui, mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache, huku mwenzako akitafuta gari la kwenda hospitali. Akizinduka akasema yuko sawa, mpelekeni vilevile, apimwe moyo.