Healing Wish: unamtoa nani, unampa nani

Mbinu zinazomzimisha anayezitumia ziko nyingi kiasi katika gemu za Pokémon, ambamo wachezaji hupambanisha timu za viumbe. Explosion na Self-Destruct zipo tangu kizazi cha kwanza cha gemu hizo. Memento ilikuja na Ruby na Sapphire mwaka 2002: unazimia, na adui anashushwa nguvu zake za kushambulia kwa ngazi mbili. Zote hizo zinamlenga aliye mbele yako. Healing Wish, iliyoingia na Diamond na Pearl mwaka 2006, inalenga benchi lako mwenyewe.

Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Anayeitumia anazimia. Mwenzake anayeingia mahali pake anarudishiwa uhai wote, na kama alikuwa ameungua, amepooza, amelishwa sumu au amelala, hali hiyo inafutwa. Ikiwa huna mwenzako mwingine aliyebaki, mbinu inagoma na hauzimii bure. Imepewa PP 10, yaani nafasi 10 za kuitumia, jambo linalonichekesha hadi leo, kwa sababu katika pambano la kawaida ukiitumia mara moja umeshatoka uwanjani.

Wanaoanza kucheza mashindano huniuliza ni wakati gani wa kujitoa mhanga. Mimi huwarudisha kwenye hesabu. Hapa unauza Pokémon mmoja ili ununue mwingine akiwa mzima, na siri yote ni kuuza kitu ambacho hakikufai tena. Wacheza drafti wanalielewa hili upesi: kete unayolisha ni ile iliyokwisha kazi, na unailisha kwa sababu unajua njia inayofunguka nyuma yake.

Sheria inakubeba kwenye biashara hii, maana uhai wa anayetoa hauhesabiwi kabisa. Jirachi mzima na Jirachi aliyebakiwa na pointi 1 wanatoa zawadi ile ile. Linganisha na Wish ya kawaida, ambayo tangu kizazi cha tano inarudisha nusu ya uhai kamili wa aliyeitumia, tena mwishoni mwa zamu inayofuata. Ndiyo maana Blissey, mwenye kipimo cha uhai cha 255, ni mtoaji mkubwa wa Wish, wakati kwa Healing Wish ukubwa wa mwili wake haumwongezei chochote. Basi subiri. Mtumie mtoaji wako kushambulia, kuzuia, kutandika mitego inayomuumiza kila adui anayeingia uwanjani, kupokea mapigo. Akifika mahali ambapo pigo lolote lijalo litamwangusha, thamani yake kwako imeshuka karibu na sifuri, na hapo ndipo Healing Wish inapokuwa ya bei nafuu.

Tatizo ni kwamba mtu aliyebakiwa na pointi 1 lazima acheze kabla ya adui. Healing Wish haina kipaumbele chochote, yaani ruhusa ya kutangulia bila kujali kasi, kwa hiyo kasi inaamua. Latias ana kasi ya msingi ya 110, Lopunny 105, Jirachi 100, hawa wanaweza. Mesprit na Gardevoir wako 80, na huko unaanza kubahatisha. Wengi wanampa mtoaji kifaa cha Choice Scarf, kinachozidisha kasi mara moja na nusu lakini kinamfunga kwenye mbinu moja aliyoichagua. Kwa kawaida ningemkataza mtu kuweka mbinu isiyoshambulia kwa mwenye Choice Scarf. Healing Wish naikubali, kwa kuwa ukishafungwa nayo umeshazimia, na kifungo hakina wa kumfunga. Jirachi mwenye Choice Scarf na mbinu za Iron Head, U-turn na Healing Wish amewasumbua watu kwa miaka mingi kwa sababu hiyo hiyo: anapiga, anatoka, anarudi, na siku yake ya mwisho anaichagua mwenyewe.

Kwa walio wazito kuna njia ya kupindua meza. Mbinu ya Trick Room inafanya wa polepole watangulie kwa zamu tano, na Hatterene, mwenye kasi ya 29, anaizoea kama nyumbani. Cresselia anayo pia, pamoja na Lunar Dance, ambayo ni Healing Wish yenye nyongeza ya kurudisha PP zote. Kwenye mapambano ya wawili kwa wawili utamwona anaweka Trick Room zamu ya kwanza, anacheza Lunar Dance zamu ya pili, na mpigaji mzito anaingia akiwa na zamu tatu za kutangulia mbele yake. Ila kumbuka mashindano hayo rasmi yanakupa Pokémon 4 tu kati ya 6 ulioandikisha. Kumzimisha mmoja ni kutoa robo ya jeshi, kwa hiyo mpigaji huyo awe na kazi ya kweli ya kufanya.

Sasa nifike kwenye jambo linalowachanganya hata wakongwe: mpangilio wa matukio umebadilika kutoka kizazi hadi kizazi, na ushauri uliokuwa sahihi mwaka 2008 leo unaweza kukuponza.

Katika kizazi cha nne, yaani Diamond na Pearl, mbadala aliingia papo hapo, katikati ya zamu. Kama adui alikuwa hajacheza bado, pigo lake lilimpata mgeni. Yaani mtoaji mwenye kasi alimleta mwenzake moja kwa moja kwenye ngumi, na mtoaji wa polepole, aliyekwisha kupokea pigo na bado akasimama, ndiye aliyemwingiza mwenzake kwa usalama. Kwa upande mwingine, tiba ilikuja baada ya mitego. Salamence aliingia, mawe ya Stealth Rock yakamkata robo ya uhai, kisha akaponywa akawa mzima kabisa. Mradi tu mitego isimuue mlangoni.

Kizazi cha tano, Black na White mwaka 2010, kiligeuza yote mawili. Mbadala anaingia mwisho wa zamu, wakati adui ameshamaliza, kwa hiyo anaingia bila kuguswa. Huu ni ushindi mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwani kumwingiza mshambuliaji dhaifu kwa njia ya kawaida humgharimu pigo zima. Lakini tiba sasa inatangulia mitego. Volcarona, ambaye Stealth Rock humkata nusu ya uhai, anaponywa hadi juu kisha anapoteza nusu hiyo hapo hapo. Dragonite mwenye Multiscale, kipawa kinachopunguza maumivu kwa nusu akiwa na uhai kamili, anaponywa, kipawa kinaamka, kisha jiwe linamkwaruza na kipawa kinalala tena. Ukitaka kutumia mbinu hii kwa viumbe wa namna hiyo, mtu wa kufagia mitego anaingia kwenye timu kabla ya mtoaji. Tangu Sword na Shield kuna Heavy-Duty Boots, viatu vinavyomwezesha mvaaji kukanyaga mitego bila kuumia, na Dragonite aliyevivaa ni mmoja wa wapokeaji ninaowapenda zaidi: analiwa uhai mapema, anarudi mzima, na Multiscale inafanya kazi kama hakuwahi kuguswa.

Sword na Shield, mwaka 2019, zilileta pia badiliko ambalo ningeliweka juu ya mengine yote. Zamani ukimwingiza mwenzako asiye na jeraha wala ugonjwa, zawadi ilipotea. Sasa inabaki pale pale uwanjani ikimngoja mtu anayeihitaji. Unaweza kumzimisha Jirachi, ukamwingiza mlinzi mzima aidhibiti hali, kisha zamu kadhaa baadaye ukamleta mshambuliaji aliyeungua na yeye ndiye akaipokea. Adui anajua kuna tiba inaelea mahali hapo na hajui utaitumia lini. Kwa mtu anayepanga mbele, hii ni silaha ya pili ndani ya silaha.

Mpokeaji basi achaguliwe tangu unapojenga timu, hata kabla ya mtoaji. Namtafuta mpigaji asiye na njia yake ya kujiponya, anayejiumiza anapopiga: mwenye kifaa cha Life Orb, kwa mfano, anayelipa sehemu ya kumi ya uhai kila anaposhambulia, au anayetegemea mbinu ya Flare Blitz. Namtafuta pia mpigaji wa mwili, kwa sababu kuungua kunamkata nguvu nusu, na Healing Wish inamrudishia nguvu na uhai kwa pamoja. Kuna visivyorudi. Focus Sash, mkanda unaomwokoa mwenye uhai kamili na pigo moja la kumwangusha, ikikatika imekatika. Nyongeza za nguvu kutoka mbinu za Swords Dance au Quiver Dance alizokuwa nazo mwanzo zilipotea alipotoka, atazianza upya. Na aliyekwisha kuzimia haamki. Hiyo ni kazi ya Revival Blessing ya kizazi cha tisa, inayomfufua mmoja kwa nusu ya uhai bila kumzimisha mtumiaji. Ina PP 1, na wanaoijua ni wachache, Pawmot na Rabsca ndio utakaowakuta, kwa hiyo sioni ikiifukuza Healing Wish popote.

Nikitoka kidogo kwenye mkakati: watengenezaji wa Diamond na Pearl walificha kitu kizuri kwa wale Pokémon watatu wa maziwa ya Sinnoh, nchi ya gemu hizo. Uxie wa maarifa, Mesprit wa hisia na Azelf wa utashi wanafundishwa mbinu yao ya mwisho katika levo ya 76, na kila moja inamzimisha mwenyewe. Uxie anapata Memento, Azelf anapata Explosion, Mesprit anapata Healing Wish. Tabia tatu, namna tatu za kuondoka. Kwenye mashindano Mesprit ni mtoaji wa wastani tu, nimeshaisema kasi yake, lakini huwa ninamtumia kuliko hesabu zinavyoruhusu.

Ukiwa upande wa pili wa meza, tazama benchi la mwenzako kabla ya kumfurahia Latias aliyebaki hoi. Jiulize nani kule nyuma ana jeraha na angependa kurudi mzima. Taunt, mbinu inayomwachia adui mashambulizi tu, inaizima Healing Wish kabisa kwa kuwa si shambulio, na mbinu zenye kipaumbele, kama Sucker Punch au Bullet Punch, zinampita mtoaji kasi. Ila Sucker Punch hushindwa adui asiposhambulia, kwa hiyo dhidi ya Healing Wish itumie ukitaka kupoteza zamu. Bullet Punch inapiga bila kuuliza. Kuna njia ya tatu inayohitaji subira mapema: ukimpata mpokeaji wake uwanjani akiwa na uhai mdogo, usimwachie akimbie ili uwinde kingine. Mmalize hapo hapo, hata kama pigo linaonekana la kupita kiasi, na mtoaji wake atabaki na zawadi isiyo na wa kumpa.