Middelboe, mtu wa benki aliyeichezea Chelsea bila mshahara

Mtu akinitajia takwimu za Nils Middelboe, kiungo wa Denmark, peke yake, namjibu azifunge kwanza tuongee. Mechi 13 za timu ya taifa ya Denmark, kuanzia 1908 hadi 1920. Ukizisoma kwa macho ya leo utasema huyu alikuwa mtu wa benchi. Benchi lenyewe halikuwepo.

Huyu ndiye aliyefunga bao la kwanza kabisa katika historia ya timu hiyo: Oktoba 1908, Olimpiki ya London, dhidi ya kikosi B cha Ufaransa, mechi iliyoisha 9-0. Alikuwa pia mwanariadha, mwenye rekodi za Denmark za miruko mitatu na mita 800. Mapafu ya kiungo, basi, alikuwa nayo.

Denmark ilifika fainali ya Olimpiki ile, ikafungwa na Uingereza 2-0. Mwaka 1912, Olimpiki ya Stockholm, wakakutana tena fainali, Denmark ikafungwa 4-2. Mara hiyo Charles Buchwald aliumia mkono, na kwa kuwa mchezaji wa akiba hakuruhusiwa, Wadenmark wakamaliza wakiwa kumi. Nahodha wa Waingereza mara zote mbili alikuwa Vivian Woodward, msanifu majengo kwa kazi yake.

Mwaka uliofuata Middelboe alihamia London kufanya kazi benki, akajiunga na Chelsea. Nani alikuwa akimsubiri kwenye chumba cha kubadilishia nguo? Woodward yuleyule! Wote wawili walikuwa wa ridhaa katikati ya watu wa kulipwa, na Chelsea ilifika kumpa Middelboe unahodha.

Hapa ndipo wasomaji wengi huchanganyikiwa, na nadhani kosa ni la neno letu. "Ridhaa" kwetu inanukia mchezo wa kujifurahisha, wa jioni baada ya kazi, wa kiwango cha chini. Wakati ule ilikuwa hadhi ya kisheria tu, haikupima kiwango cha mtu. Ligi ya Uingereza ilikuwa ya kulipwa, ingawa malipo yenyewe yaliwekewa kikomo: paundi 4 kwa wiki, 5 kwa waliokaa muda mrefu. Middelboe hakupokea hata hizo. Mwajiri wake alikuwa benki, hivyo benki ndiyo iliyoamua lini yuko huru, na safari za mbali mara nyingi zilimpita. Ongeza vita, vilivyosimamisha ligi kuanzia 1915 hadi 1919, utaelewa kwa nini miaka yake takriban tisa pale ilizaa mechi zisizofika hata 50.

Lakini kutolipwa kulimwachia kitu kimoja: jezi ya Denmark. Chama cha soka cha nchi yake hakikutaka mchezaji wa kulipwa kwenye timu ya taifa. Kwa sababu hiyo Middelboe aliweza kutoka Chelsea akaenda Olimpiki ya 1920 huko Antwerp. Mlinganishe na John Hansen, aliyeifunga Italia mabao manne kwenye Olimpiki ya 1948, Denmark ikashinda 5-3. Juventus wakamchukua mwaka huohuo, akalipwa, na timu ya taifa ikamalizika kwake palepale. Katazo hilo liliondolewa 1971, Middelboe akiwa mzee wa miaka 83.