Injini ya treina ya rimoti: tunachoaminishwa na ukweli wenyewe

Mtu akitaka kuanza kurusha ndege za rimoti, swali la kwanza analouliza kuhusu injini ni ina nguvu kiasi gani. Ni swali la kawaida ila kwa treina, yaani ile ndege ya kujifunzia yenye bawa juu, siyo swali la kwanza kabisa. La kwanza ni hili: injini inawaka bila kusumbua, inakaa sailensa (yaani inazunguka polepole tu) bila kuzima, na ukiongeza moto (yaani kasi ya injini) ghafla inaitikia? Mwanafunzi akizimikiwa injini ndege ikiwa chini na mbali, hapo hospawa hazimsaidii kitu. Dhana nyingi potofu kwenye hii hobi zinaanzia hapo hapo, watu wanatafuta nguvu wakati wanachohitaji ni injini ya kuaminika.

Kwanza tuelewane kwenye namba. Injini ikiandikwa 40 au 46 maana yake ni ujazo kwa inchi za ujazo, 0.40 ni kama cc 6.5, 0.46 ni cc 7.5, na ya 61 ni cc 10. Treina nazo zinauzwa kwa daraja hilo hilo, "treina ya 40" ina mabawa ya kama mita 1.5 mpaka 1.6 na uzito wa kilo mbili na nusu hivi.

"Chukua kubwa tu, nguvu ikizidi si utapunguza"

Hii ndo inayosikika kuliko zote na inaharibu ndege nyingi. Ni kweli moto unaweza kuupunguza, lakini uzito huwezi kuupunguza. Ya 61 inaizidi ya 46 kwa gramu mia na zaidi na uzito wote huo unakaa puani, sasa ili ndege ibalansi inabidi uongeze vipande vya risasi (ile metali nzito) mkiani, ndege inazidi kuwa nzito, na ndege nzito inatua kwa kasi, kitu ambacho anayejifunza ndo hakitaki kabisa. Halafu kuna shida nyingine watu hawaisemi, injini kubwa yenye propela kubwa hata ikiwa sailensa bado inavuta, unakuta mtu kashusha moto mpaka mwisho lakini ndege haitaki kushuka, inaelea tu mpaka uwanja unaisha. Na siku akijisahau akafungulia moto wote huku anashuka, mabawa na ile mikia hayakutengenezwa kwa kasi hiyo, yanaanza kutetema na yanaweza kukatika hewani.

Ila usiende upande wa pili ukafunga ya 25 kwenye ndege ya 40 eti ili iende polepole. Ndege itaruka kwa shida, na siku ukikosea kutua ukataka kupanda urudie, haipandi. Treina ya 40 funga 40 mpaka 46, mimi binafsi naipendelea 46 kwa sababu bodi yake mara nyingi ni ile ile ya 40, uzito haubadiliki sana na unapata nguvu ya akiba.

Na hizo hospawa zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee sana. Injini ya 46 ya kawaida imepimwa kwenye mizunguko 15,000 au 16,000 kwa dakika, wakati ukifunga propela ya 11x6 kwenye treina itazunguka labda 11,000 au 12,000, kwa hiyo ile namba kubwa hutaifikia hata siku moja. Injini mbili zenye tofauti kubwa kwenye boksi, ukizifunga propela moja tofauti yake angani ni ndogo kuliko unavyofikiri.

"Propela yoyote inayoingia kwenye shafti inafaa"

Hapana jamani. Kwenye propela iliyoandikwa mfano 11x6, namba ya kwanza ni urefu kwa inchi, ya pili ni hatua, yaani propela ingesogea mbele inchi ngapi kwa mzunguko mmoja. Piga hesabu: hatua ya inchi 6 kwa mizunguko 11,000 ni kama kilomita 100 kwa saa kinadharia, hatua ya 8 kwa mizunguko hiyo hiyo ni zaidi ya 130. Mwanafunzi anataka hatua ndogo na duara kubwa, 10x6 kwa 40, 11x5 au 11x6 kwa 46, ndege inapanda vizuri, haikimbii sana, na ukishusha moto propela yenyewe inasaidia kufunga breki.

"Yenye beringi ndo injini, ya bushi ni ya kutupa"

Beringi, yaani zile gololi zinazobeba shafti, zinaongeza nguvu kidogo na injini inazunguka laini, sawa. Lakini ya bushi, ambayo shafti inazunguka kwenye pete tu bila gololi, ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na haina kitu cha kushika kutu. Mafuta ya hizi injini ni methanoli na methanoli inavuta unyevu kutoka hewani, ukiweka injini kabatini miezi mitatu ikiwa na mabaki ya mafuta ndani beringi zinaota kutu, siku ukiiwasha inakwaruza. Kama we ni mtu wa kurusha mara chache halafu unasahau kumaliza mafuta yote na kudondoshea oili baada ya kazi, bushi itakufaa kuliko beringi, ilimradi mafuta yako yana oili ya kutosha, asilimia 18 mpaka 20, na sehemu yake iwe kasto (mafuta ya mbarika).

Tukiwa hapo hapo kwenye mafuta, nitro (nitromethani inayochanganywa kwenye mafuta) nyingi haimaanishi mafuta bora. Nitro inasaidia sailensa itulie na inaongeza nguvu kidogo, ila inaongeza joto na gharama, na mabaki yake yanakula vyuma. Asilimia 5 mpaka 15 inatosha kabisa kwa treina. Kitu kinacholinda injini ni oili, siyo nitro.

"Injini mpya iache inguruma na mafuta mengi saa nzima ikiwa ya baridi"

Hapa nataka tukae kidogo maana ushauri huu ni wa kweli kwa injini fulani na ni sumu kwa nyingine. Injini za zamani na zile zenye ringi, ndiyo, zinahitaji mafuta mengi na muda mrefu mpaka ringi ikae. Lakini injini nyingi za treina sa hivi ni za aina ya ABC au ABN, hazina ringi, pistoni ni ya aluminiamu na silinda ni ya shaba iliyopakwa kromiamu au nikeli. Silinda yake siyo duara lililonyooka, juu imebana kuliko chini. Shika propela ya injini mpya kama hiyo, izungushe taratibu kwa mkono, utasikia inakwenda vizuri halafu ikikaribia juu inakaza, inagoma, mpaka unasikia kama klik ndo inapita. Watu wengi wakifika hapo wanadhani wameuziwa mbovu. Siyo mbovu, ndivyo ilivyo, kwa sababu silinda ya shaba ikipata moto inatanuka kuliko pistoni na lile banio linakuwa sawasawa pale tu injini ikiwa na joto lake la kazi.

Sasa ukiiachia mafuta kibao injini inabaki ya baridi, banio haliachii, na pistoni inasuguana na silinda kila mzunguko, yaani unaila injini ukidhani unailainisha. Inavyotakiwa ni vipande vifupi, iwashe, iache na mafuta mengi kidogo tu mpaka ipate joto, kisha punguza sindano (ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta) mpaka ile sauti nzito ya kukatakata ianze kubadilika kuwa sauti kali ya mfululizo, ikae hapo kwenye mpaka dakika moja au mbili, zima, iache ipoe kabisa, rudia. Ukimaliza tenki mbili tatu hivi iko tayari kuruka, na ruka ya kwanza usibane sindano. Na usipende kuizungusha ikiwa kavu na ya baridi, tia matone ya oili kwanza.

"Bana sindano mpaka ipige kelele kali zaidi, hapo ndo imekaa sawa"

Kuna injini nyingi zimekufa kwa hili. Kileleni pale kwenye kelele kali injini tayari iko mpakani mwa kukosa mafuta, na angani mambo yanabadilika, propela inapata wepesi mizunguko inapanda, tenki linapungua, pua inaelekea juu mafuta yanavutwa kwa shida, na oili iko ndani ya mafuta hayo hayo, kwa hiyo mafuta yakipungua oili nayo imepungua. Injini inachemka, inapoteza nguvu, inazima.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Moto wote, ukiwa umesimama nyuma ya propela na mtu ameishika ndege, bana mpira wa mafuta kwa vidole viwili mara moja na uachie haraka. Sauti ikipanda kidogo kwanza, mafuta yapo ya kutosha. Ikishuka hapo hapo bila kupanda, imekauka, fungua sindano. Halafu inyanyue pua ielekee juu angani, mizunguko ikibaki ile ile au ikapanda kidogo, ruka. Ikianza kulegea, usiruke. Watu wanaona wanapoteza muda kufanya hivi kila siku, lakini hali ya hewa inabadilika, joto na unyevu vyote vinagusa mchanganyiko, na sindano ya jana siyo lazima iwe ya leo.

"Nunua foustroki, haisumbui na inakunywa kidogo"

Foustroki ni injini ya mipigo minne, tustroki ni ile ya mipigo miwili ya kawaida. Kunywa kidogo ni kweli, na sauti yake ni nzuri haikeri majirani wa uwanja. Lakini kwa ujazo ule ule haina nguvu sawa na tustroki, kama ndege inataka 46 ya tustroki utahitaji foustroki ya 52 au 56 hivi, bei inapanda. Ina valvu za kupima, nafasi yake ni kati ya milimita 0.04 na 0.10 kutegemea na injini, na ikikauka mafuta inaweza kurudisha nyuma kwa nguvu ikalegeza propela, ndo maana inafungwa nati mbili. Ni injini nzuri sana ya pili. Ya kwanza, tustroki.

"Mota ya umeme ni midoli, haina nguvu" na upande wa pili "umeme hauna hatari"

Zote mbili siyo kweli. Chukua wati 150 mpaka 200 kwa kila kilo, treina ya kilo mbili na nusu inataka wati 375 mpaka 500, na lipo (betri ya lithiamu-polima) ya seli nne yenye volti 14.8 ikitoa ampea 34 umeshafika 500. Inaruka sawa kabisa na ya mafuta, haina sindano, haina plagi, na haizimi kwa sababu ya sailensa mbaya, kwa anayejifunza mwenyewe bila mtu wa kumsaidia kutuni mimi ningemwambia aende umeme moja kwa moja. Betri ya mAh 4000 ukitumia wastani wa ampea 16 ni dakika 15 mpaka sifuri, ila hutakiwi kufika sifuri, ukiacha asilimia 20 ndani unabaki na dakika 12. Watu wanaruka dakika 15 halafu wanalaumu betri imevimba.

Kv nayo inachanganya watu. Siyo kipimo cha nguvu, ni mizunguko kwa volti moja bila mzigo. Kv kubwa inataka propela ndogo, Kv ndogo inataka propela kubwa, kwa treina hii kwenye seli nne mota ya Kv 700 au 800 na propela ya inchi 12 inakaa vizuri. Ukiona 1400 usidhani ndo bora mara mbili, ukiifunga propela hiyo hiyo utaunguza spidi kontrola, kile kifaa kinachopima umeme unaoenda kwenye mota.

Kuhusu hatari sikilizeni vizuri. Injini ya mafuta ikigonga kidole inaumiza vibaya lakini mara nyingi inazima. Mota ya umeme ikizuiwa haizimi, inavuta ampea zaidi na inaendelea kusukuma. Na haihitaji kuwashwa, ukishachomeka betri iko tayari, kiwiko kikigusa stiki ya moto kwenye rimoti inaanza. Washa rimoti kwanza, moto chini, ndo uchomeke betri, na ukiwa nyumbani unapima pima mambo toa propela kabisa. Kuchaji lipo usiache peke yake ukaenda kulala.

Petroli nitaisema kwa kifupi, mafuta yake ni bei rahisi na ukishaituni inatulia, lakini ina uzito, ina moduli ya kutoa cheche za plagi na betri yake, inatetemesha, na ile mipira ya silikoni ya mafuta ya methanoli inavimba na kuharibika ukiitia petroli. Inafaa ndege za daraja la 60 kwenda juu.

La mwisho, injini ikizimazima usikimbilie kununua nyingine kabla hujaangalia tenki. Katikati ya tenki iwe usawa wa sindano ya kabureta au chini yake kama sentimita moja. Tenki likikaa juu, injini inazama mafuta tenki likiwa limejaa na inakauka likiwa linaisha, na utabadilisha plagi, mafuta na injini yenyewe bila kupata dawa. Angalia pia mpira wa ndani ya tenki kama umetoboka, na ule wa kuleta presha kutoka ekzosi kama umekaa sawa.