Zege limepasuka? Acha kuongeza saruji

Slabu inamwagwa mchana, jioni ina nyufa, mwenye nyumba anamshuku fundi kwamba kaiba saruji. Slabu inayofuata anaamuru kila mchanganyiko uongezwe nusu mfuko. Nimechoka kulisikia hili, hasa sasa ambapo baadhi ya saiti za Mwanza zinamwaga zege linalojishindilia.

Zege hili hutiririka lenyewe kati ya nondo bila vaibreta (mashine ya kulitikisa zege lishindiliwe) kwa sababu lina uji mwingi wa saruji na kokoto pungufu. Kinachosinyaa ni uji. Kokoto ndiyo inayouzuia. Ukiongeza saruji umeongeza kinachosinyaa, na joto juu yake.

Halafu naambiwa: "Hapa ni ziwani, hewa ina unyevu, zege halikauki." Jamani! Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, na upepo unavuma kutoka ziwani hadi jioni. Panda slabu ya ghorofa pale Capri Point saa nane mchana uone unavyopiga. Upepo huo unafagia maji juu ya zege hata kama una unyevu wake. Zege la kawaida lina kinga: hutoa maji juu, yakawa ndiyo yanayokauka kwanza. Hili la kujishindilia, kwa unga wake mwingi, huyashika maji yake, kwa hiyo uso unabaki wazi tangu dakika za mwanzo, unakauka, unasinyaa na kupasuka. Vitabu huweka hatari kwenye kilo 1 ya maji yanayokauka kwa mita ya mraba kwa saa. Kipimo hicho ni cha zege linalotoa maji. Kwa hili naanza kuhofia kwenye nusu yake, na hata nusu hiyo si sheria: kwa mchanganyiko uleule na siku ileile, slabu moja hupasuka na jirani yake ikabaki nzima.

Nyufa za miezi baadaye ni habari nyingine. Hizo zadai viungio (mianya inayoachwa makusudi kwenye zege) na nondo zilizopangwa vizuri.

Mwageni alfajiri. Lowesheni mbao zinazoshikilia zege, zuieni upepo kwa turubai, tandazeni nailoni mara tu mkimaliza kusawazisha, siyo kesho yake. Kumwagilia siku 7 kunakuja baada ya hapo, hakuchukui nafasi yake. Na ufa ukionekana zege likiwa bado linabonyea kwa kidole, lisugueni upya mara moja, kisha mfunike.